Kutafuta maji kabla ya kugusa plasta: ninavyokagua unyevu katika nyumba za Mji Mkongwe

Nyumba nyingi ninazoitwa kuzikagua ziko Mji Mkongwe wa Unguja: kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa sentimita 50 hadi 60, zilizojengwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na sakafu za juu zikibebwa na boriti za mikoko. Malalamiko ni yale yale. Plasta inabambuka, rangi inavimba, ukuta unatoa chumvi, chumba kinanuka ukungu. Mara nyingi fundi ameshatoa dawa kabla sijafika, nayo ni kubandua plasta ya zamani na kupiga ya saruji. Kuta zilizo katika hali mbaya kuliko zote ninazokutana nazo ni zile zilizokwisha kupewa dawa hiyo, baadhi yake zaidi ya mara moja.

Kipima unyevu cha pini mbili ndicho kifaa ninachokiamini kwa tahadhari kubwa kuliko vyote. Kinapima jinsi umeme unavyopita kati ya pini, na chumvi yenye unyevu kidogo tu hupitisha umeme kwa urahisi. Ukuta wenye chumvi utaonyesha nyekundu hata kama hakuna tone linaloingia. Kwa hiyo sisomi namba yake, nasoma ramani yake. Napiga mistari kwa chaki kila sentimita 30, kutoka sakafuni hadi mita 2, naandika kila kipimo mahali pake, kisha naangalia umbo. Mkanda unaolingana chini ya ukuta wote, unaoishia kwenye kimo cha kama mita 1, unanielekeza ardhini. Michirizi inayotoka darini inanielekeza kwenye paa. Doa la duara katikati ya ukuta mara nyingi ni bomba, au ni chumvi peke yake. Kona moja iliyolowa kutoka juu hadi chini ni bomba la maji ya mvua.

Baada ya hapo napanda juu kabisa, na nikiweza nakwenda mvua ya masika ikiwa inanyesha. Nusu saa ya mvua kubwa inaonyesha mambo ambayo kiangazi kizima hakiwezi kuonyesha. Mapaa mengi ya bapa ya chokaa yaliwekewa mabati baadaye, na tatizo halimo kwenye bati lenyewe, limo kwenye mfereji ulio kati ya mapaa ya nyumba mbili. Mfereji huo hauna mwenyewe: kila jirani anaamini ni wa mwenzake. Majani yakiuziba, maji yanafurika kwa ndani na kushuka katikati ya ukuta wa pamoja, ambako kuna vifusi vya mawe na udongo visivyoshikana sana. Udongo ukilowa unasombwa taratibu, na ukuta unabaki na ngozi mbili zisizoshikana. Naugonga kwa mpini wa nyundo. Sauti ya utupu naizungushia chaki.

Kama hakuna mvua, naziba tundu la mfereji kwa kitambaa, najaza maji, nasubiri saa moja huku msaidizi akiwa chini na tochi. Naangalia pia mimea iliyoota kwenye ukuta wa ukingo wa paa. Kuikata shina hakutoshi, kwa sababu mizizi inaendelea kupanua nyufa. Inabidi mawe ya pale yafunguliwe, mzizi utolewe, yajengwe upya kwa chokaa. Halafu tangi la maji. Lita 1,000 ni tani moja, na nalikuta limekaa juu ya boriti ambazo hakuna aliyezikagua, bomba lake la kufurikia likidondosha maji ukutani usiku kucha.

Bafu za ghorofani zinakuja baada ya paa. Nyumba ikigeuzwa ya kulaza wageni, kila chumba kinataka bafu lake, na bafu hilo linajengwa juu ya sakafu ya boriti na chokaa ambayo haikukusudiwa kukaa na maji. Jaribio langu ni rahisi: jioni nafunga mabomba yote, nasoma mita, alfajiri nasoma tena. Isipokuwepo mita, nafunga maji yanayoingia kwenye tangi na kuweka alama ya usawa wa maji kwa kalamu. Usawa ukishuka, bomba linavuja. Usiposhuka na dari ya chini bado inalowa, shida iko kwenye vigae au kwenye tundu la sakafu. Hapo naziba tundu, namwaga maji yenye rangi ya chakula kwa kina cha sentimita 2, na kuyaacha hadi kesho yake. Kina hicho ni kilo 20 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo boriti nazikagua kwanza.

Viyoyozi vinahitaji hesabu kidogo. Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 inaanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi kama 26. Chumba kilichopozwa hadi nyuzi 20, kisha mlango ukaachwa wazi, kitalowa kuta, dari na nyuma ya makabati bila kuvuja popote. Dalili yake ni ukungu mweusi wa madoadoa, bila unga mweupe wa chumvi. Kuhakikisha, nabandika kipande cha karatasi ya alumini kwa utepe pande zote nne na kukiacha siku mbili. Maji yakiwa upande wa chumba, ni umande. Yakiwa nyuma ya karatasi, yanatoka ukutani.

Chini kabisa naangalia uchochoro. Njia zimetandikwa upya juu ya zile za zamani, hivyo sakafu ya ndani mara nyingi iko chini ya usawa wa njia. Baraza nazo, zilizokuwa za mawe na chokaa, zimepakwa saruji na kuachwa na mwinamo kuelekea ukutani; pale baraza inapokutana na ukuta pana ufa mwembamba unaokunywa kila mvua. Karo, yaani shimo la maji machafu, lililo karibu na msingi linaongeza maji pamoja na chumvi za aina nyingine, zinazovuta unyevu hata kuliko chumvi ya bahari. Na ndani, sakafu ya ardhini ikishawekwa zege na vigae, unyevu uliokuwa ukipanda na kukaukia sakafuni unasukumwa pembeni na kupanda kuta.

Kutenganisha maji na chumvi ndicho kipimo ambacho singekubali kuandika ripoti bila hicho. Natoboa kwa kekee ya drili ya milimita 9, polepole, kekee ikiwa kali, kwa sababu ikipata moto inakausha sampuli. Natoboa kwenye kimo cha sentimita 10, 50, 100 na 150. Unga wa sentimita ya kwanza naumwaga, kwa kuwa ni wa plasta na rangi. Unaofuata, hadi kina cha sentimita 8, naukusanya kwenye kichupa chenye kifuniko na kukifunga papo hapo. Nikifika kazini napima kila sampuli kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu au chini zaidi. Kisha naiweka wazi ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, juu ya bakuli la maji ya chumvi ya mezani yaliyokolezwa mpaka chumvi nyingine imebaki chini bila kuyeyuka. Hewa juu ya maji hayo hukaa kwenye unyevu wa asilimia 75. Uzito ukiacha kubadilika, naandika. Mwisho nakausha kwenye oveni kwa nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena.

Chukua mfano. Sampuli, iliyokusanywa kutoka matundu kadhaa ya kimo kimoja, ilikuwa gramu 23.0 ilipotoka ukutani, 21.8 baada ya ndoo, na 20.0 ikiwa kavu. Unyevu wote ni asilimia 15 ya uzito mkavu. Unyevu ambao chumvi ingeuvuta yenyewe kutoka hewani ni asilimia 9. Zile 6 zilizobaki ni maji yanayoingia kutoka mahali fulani, na lazima nipate mahali hapo. Lakini kama uzito wa kwanza ungekuwa 21.9, tofauti isingefika hata asilimia moja. Ukuta huo hauna uvujaji wowote, unakunywa hewa. Kwa hali ya pwani, ambako hewa ya nje mara kwa mara inapita asilimia 75, tofauti ya asilimia 1 au 2 siihesabu kuwa ushahidi.

Namba hiyo 75 inaeleza pia kwa nini plasta inavunjika. Chumvi ya bahari huanza kuyeyuka hewa ikifika hapo, na ikishuka chini yake hukauka na kuwa fuwele. Visiwani hewa inavuka mpaka huo na kurudi mara nyingi, na kila fuwele inapojijenga upya ndani ya vitundu vya plasta inasukuma. Chumvi yenyewe inatoka kwenye rashasha za bahari, mchanga wa pwani usiooshwa, maji ya kisima cha chumvi yaliyochanganyiwa chokaa, na karo.

Ncha za boriti ninazikagua moja moja. Katikati ya boriti hata ikiwa nzima kabisa haina habari ya kunipa. Kinachooza ni zile sentimita 20 au 30 zilizozama ukutani, ambako unyevu haupati hewa. Nasukuma bisibisi nyembamba pale boriti inapoingia ukutani, upande wa chini na kisha ubavuni. Mti mzima unaizuia kabla haijazama milimita 2 au 3. Uliooza unaipokea bila ubishi, na bisibisi inatoka na ungaunga wa kahawia wenye unyevu. Ukitoka mkavu na kuna vijinjia vya udongo ukutani, ni mchwa. Naangalia pia kama dari imeacha ufa mwembamba sambamba na ukuta: ufa huo unaniambia kuwa ncha kadhaa zimeshuka pamoja. Hapo naagiza nguzo za muda siku hiyo hiyo, chini hadi kwenye ardhi ngumu, si juu ya sakafu ya ghorofa iliyo chini yake.

Kuhusu nyufa za kuta, naweka alama mbili za penseli pande zote za ufa, napima kati yake kila mwezi hadi masika na kiangazi vipite. Ufa unaopanuka bila kurudi, au ukuta ulioanza kutoka kwenye timazi, nampa mhandisi. Beit-al-Ajaib, jumba la sultani la Mji Mkongwe lililojengwa 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki. Baada ya hapo hakuna mwenye nyumba anayepaswa kuambiwa asubiri.

Sasa matengenezo. Utaratibu ni huu: paa na mabomba kwanza, uchochoro na baraza pili, plasta mwisho. Saruji naitoa kwa tindo na nyundo nyepesi, hadi sentimita 50 juu ya mpaka wa unyevu. Mashine ya kuvunjia zege inatikisa kiini cha ukuta. Chumvi inayochipuka naipiga brashi kavu na kuizoa. Ikioshwa kwa maji inarudi ndani. Kisha ukuta uachwe ukauke, na hapa ndipo wenye nyumba wanapochoka. Kadirio linalotumika sana Uingereza ni sentimita 2.5 kwa mwezi. Ukuta wa sentimita 50 unaokauka pande zote mbili unahitaji kama miezi 10, na hewa ya pwani haiharakishi. Dawa za kuchoma sindano ili kuzuia unyevu unaopanda sizipendekezi kwa kuta hizi: kiini chake kina mapengo, dawa inamwagika humo badala ya kufanya tabaka lisilokatika.

Wakati wa kusubiri napendekeza plasta ya kujitolea: chokaa 1 kwa mchanga 4, nyepesi, bila saruji kabisa. Inanyonya chumvi, inaharibika, inabanduliwa na kutupwa mbali. Plasta ya kudumu inafuata, chokaa ya shimo (iliyozimwa kwa maji na kuachwa iive shimoni) 1 kwa mchanga wa mto uliochekechwa 3. Chokaa iliyoiva inakatika kwa mwiko kama samli iliyoganda. Ikiwa na punje, ichekechwe, maana punje isiyozimika itaendelea kuzimika ndani ya ukuta na kurusha vipele vya plasta miezi baadaye. Tabaka lisizidi sentimita 1, na kati ya tabaka na tabaka ipite wiki moja au mbili. Magunia yaliyoloweshwa yatundikwe mbele ya ukuta siku zote hizo, kwa sababu chokaa hushika kwa hewa ya kaboni na inahitaji unyevu ili kuipokea. Jua la mchana likiikausha mapema, inabaki unga. Fundi atataka kuongeza koleo la saruji ili kazi ishike haraka. Nasimama hapo kwenye mchanganyiko wa kwanza nikiona kila ndoo. Juu yake ni chokaa ya kupaka, nyembamba kama maziwa, mara 4 au 5. Rangi ya plastiki inafunga njia ya mvuke na kazi yote inaanza upya.

Kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kinatangulia yote haya. Katika ripoti naambatanisha ramani ya vipimo, jedwali la sampuli, na picha za ncha za boriti zikiwa na namba zilizopigwa kwa chaki kwenye boriti zenyewe. Matundu ya sampuli nayaziba kwa chokaa na kuyawekea alama, ili baada ya masika mbili nitoboe sentimita 5 pembeni yake na kulinganisha kipimo kwa kipimo.