Doa la bibo

Mwaka 2009 nlikuwa darasa la sita, shule moja ya msingi kule Tandahimba, na kama umekulia Mtwara huhitaji kuambiwa mwezi wa kumi shuleni kunakuwaje. Korosho zinadondoka. La saba wameshafanya mtihani wao mwezi wa tisa wameondoka, sisi la sita ndo wakubwa, na darasa linazidi kupungua, leo madawati mawili wazi kesho matano, mpaka unamkuta mwalimu wa hesabu anafundisha wasichana na watoto wa watumishi tu.

Kudoji kwetu kila mtu na staili yake. Kuna waliokuwa wanakacha mazima, hawatokei toka asubuhi. Kuna waliokuwa wanawahi namba, wanafagia eneo lao vizuri, wanaitika jina kwenye rejista, kengele ya mapumziko ikigongwa saa nne wanaingia mitini. Afu kulikuwa na wategaji, hawa hawatoki shuleni kabisa ila siku ya shamba la shule utasikia tumbo linauma, jembe limevunjika, bibi kafariki (kuna jamaa alizika mabibi mpaka tukawa tunamuuliza babu yako kaoa wangapi?). Mimi na mwenzangu wa dawati moja, ambaye shule nzima ilimwita Njomba, tulikuwa wa saa nne. Na Njomba ndo alikuwa kiranja wa darasa, yaani anayeandika majina ya watoro ndo huyohuyo mtoro, sa ukitaka kujua kwa nini hatukuwa tunakamatwa jibu ndo hilo.

Kilichokuwa kinawaponza wengi ni bibo, lile tunda la mkorosho linaloshika korosho. Maji ya bibo yakishagusa shati jeupe hayatoki, ufue unavyofua linabaki doa la kahawia hapohapo, kwaiyo mstarini mwalimu wa zamu haulizi maswali mengi, anapita tu anakagua mashati. Sisi tulikuwa tunavua mashati tunayatia kwenye mfuko wa rambo tunayaficha chini ya majani, tunaokota vifua wazi. Shamba lilikuwa la babu, japo babu hakuwa na taarifa.

Na zile korosho tunazipeleka wapi? Chama cha msingi cha ushirika hapana. Miaka ile stakabadhi ghalani bado ilikuwa ngeni kidogo, mzee anapeleka mzigo, unapimwa, unaenda ghalani, anapewa karatasi, afu hela anaisubiri mnada. Mtoto wa darasa la sita ana salfeti nusu, mnada wa nini. Tulikuwa tunaenda kwa jamaa wa kangomba. Anakupimia kwa kopo lake lililojaa mpaka linamwagika na analiita kilo, bei ya chini, ila hela mkononi na hakuulizi shamba la nani. Serikali ilikuwa haitaki kabisa biashara ile, ndo maana alikuwa anapimia nyuma ya nyumba.

Sasa wiki ile tulikuwa na haraka kwa sababu Jumapili ya tarehe 25 Liverpool wanacheza na Manchester United, na kibanda umiza hakuna mkopo. Alhamisi asubuhi mwalimu mkuu akatangaza mstarini mwalimu wa zamu ana udhuru, kaenda wilayani. Njomba akanikanyaga mguu. Saa nne ilipofika hata uji hatukunywa.

Tumeokota fasta fasta, jua la saa saba tukabeba salfeti kwenda kwa yule jamaa, tunazunguka nyuma ya nyumba naona baiskeli ya Phoenix imeegemezwa kwenye mwembe, keria imefungwa mpira mwekundu, na baiskeli ile kijiji kizima kilikuwa kinaijua. Kabla sijasema kitu nikasikia sauti, "Kopo gani hili? Kilo gani hii? Unaniibia mchana kweupe!" Mwalimu wa zamu, kainama juu ya magunia yake mawili, mikono ya shati imekunjwa, anagombana na kangomba.

Akainua kichwa akatuona. Vifua wazi, salfeti kichwani, kaptula za shule.

"Shikamoo mwalimu," Njomba akasema. Yaani mazoea tu.

"Marahaba."

Kangomba akacheka, "Mwalimu, hawa wanafunzi wako nini?"

"Hawa? Siwajui."

Akarudi kwenye magunia yake. Alipomaliza akapanda baiskeli, akasimama kidogo, akamwambia yule jamaa, "Hao watoto wapimie vizuri," akaondoka zake. Na kweli siku hiyo kopo halikumwagika.

Usiku sikulala vizuri. Ijumaa mstarini mwalimu wa zamu kasimama mbele na fimbo ya mkorosho, mkononi ana karatasi ya majina ya jana, na karatasi hiyo haikuandikwa na Njomba, iliandikwa na kiranja msaidizi, dada mmoja ambaye angemwandika hata mama yake. Anasoma, mmoja mmoja anatoka. Alipofika kwetu akasema, "Hawa wawili nina taarifa zao," akapita. Kwenye mkono wa shati lake palikuwa na doa la kahawia saizi ya shilingi mia.

Jina lililofuata ni la mwenzetu aliyekuwa anaishi na bibi yake. Huyu alikuwa katumwa maji, na kule juu uwandani maji ya kuteka unashuka mpaka bondeni afu unapanda mlima na ndoo, asubuhi nzima imeisha. Shati lake jeupe halina hata tone. Akajieleza, mwalimu akamwambia utoro ni utoro, akala viboko vinne. Wakati anarudi kwenye mstari alituangalia mimi na Njomba, na toka siku hiyo yule mwalimu nilimchukia hasa.

Baada ya mstari mwalimu akatuita pembeni. "Jioni pitieni nyumbani, kuna korosho za kuanika." Tukaitikia ndiyo mwalimu, kwa adabu zote. Tulipofika nyuma ya darasa Njomba akaniuliza, "Unaenda?" Nikamwambia naenda wapi njomba.

Hatukwenda. Jumapili jioni tukamlipia kiingilio yule wa maji, hakuuliza hela tumeitoa wapi na sisi hatukumwambia. Tunaingia kibandani, benchi la mbele nani, mwalimu wa zamu.

Akageuka. "Nyie, Ijumaa mlikuwa wapi?"

Njomba hata hakufikiria. "Tulikuwa na udhuru, mwalimu."

Akamtazama, akanitazama mimi, akageukia mpira. Kipindi cha pili Torres wa Liverpool alipofunga, wa kwanza kuruka alikuwa yeye.