Aonaye Sirini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimelemewa na jambo ambalo naona haya kulitaja. Katika ibada ya shukrani majina ya watumishi yalisomwa moja baada ya jingine, nami niliyefundisha watoto wa shule ya Jumapili kwa miaka 11 nikalisubiri langu hadi msomaji alipokunja karatasi yake na kuketi. Nilirudi nyumbani nimenuna, na chai niliyoandaliwa ikapoa mezani.

Usiku huo nilimalizia riwaya iitwayo Stoner, ya Mmarekani John Williams. Ilitoka mwaka 1965, ikauza nakala zisizofika 2,000, kisha ikatoweka madukani. Mwandishi alifariki mwaka 1994, na Ulaya ilikuja kuipenda baada ya tafsiri ya Kifaransa ya mwaka 2011, yeye akiwa kaburini. Ni riwaya isiyo na vishindo. William Stoner ni mtoto wa wakulima wa Missouri, ambao jioni hukaa jikoni watatu, kimya, wakiutazama mwali wa taa moja ya mafuta. Anakwenda Chuo Kikuu kusomea kilimo, shairi la Shakespeare linamteka, naye anabaki hapo akifundisha fasihi hadi kufa, bila kupata cheo cha maana. (Simsifu kwa yote, alitoka nje ya ndoa, na mwandishi hamfichi.)

Palinipata mahali pamoja. Mwanafunzi hodari wa maneno matupu, anayebebwa na profesa mwenye nguvu, analetwa kwenye mtihani wa mdomo. Stoner anamuuliza mambo ya msingi tu, kijana anababaika, naye anakataa kumpitisha. Profesa yule, akishakuwa mkuu wa idara, anamlipizia kwa miaka mingi kwa kumpangia madarasa ya wanaoanza, tena kwa saa zilizotawanyika kutwa. Stoner anaingia darasani na kufundisha.

Wapendwa, Mathayo 6 tumeikariri tangu utoto, kwamba Baba aonaye sirini atatujazi, na bado mtu akikosa kutajwa anaacha kwaya, anahama jumuiya, anazuia hata sadaka yake. Najisema mwenyewe kwanza. Ikiwa nilifundisha kwa ajili ya karatasi ile, basi watoto wale niliwaibia miaka yote 11, kwa kuwa Paulo alisema lo lote tufanyalo tulifanye kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu, na hakuweka kando ya neno hilo orodha ya watakaopigiwa makofi. Wewe unayefagia kanisa Jumamosi wakati milango imefungwa, usiache. Wewe unayekwenda kumwogesha mgonjwa ambaye hata jina lako amelisahau, nenda tena kesho.

Jana jioni nilitoa daftari la mahudhurio na kuandaa somo la Jumapili. Ni Matendo 9, pale wajane wanaposimama wakilia karibu na Petro, wakimwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa pamoja nao.