Siku Ambazo Hakuna Aliyezijua: Tafakari ya Juma la Kwanza la Februari

Somo: Luka 2:22–40 na Zaburi 90:12

Wapendwa katika Bwana,

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa na desturi ya kuijaza kalenda ya ukutani kwa penseli kabla mwezi haujaanza. Katika kisanduku cha kila siku huandika, kwa herufi ndogo kadiri mkono unavyoweza, ni nani aliyezaliwa tarehe hiyo na ni jambo gani la kukumbukwa lililotukia, kisha kila asubuhi huanzia hapo sala yangu. Februari ni mwezi mfupi kuliko yote, lakini visanduku vyake hujaa upesi. Mwaka huu, nilipokuwa nikiandika, swali moja lilinisimamisha mara kwa mara: siku hizi zilipokuwa bado zinaitwa leo, ni nani aliyejua kwamba zitakuja kuandikwa?

Tazameni tarehe 12. Siku hiyo, mwaka 1809, Abraham Lincoln alizaliwa katika kibanda cha magogo huko Kentucky, Marekani, na siku hiyohiyo, ng'ambo ya Atlantiki, Charles Darwin akazaliwa katika nyumba ya tabibu mwenye uwezo mjini Shrewsbury, Uingereza. Mmoja alikuja kutia sahihi tangazo la kuwaweka huru watumwa katika nchi iliyokuwa ikipigana yenyewe kwa yenyewe. Mwingine alikuja kuzua mjadala juu ya asili ya viumbe ambao haujanyamaza hadi leo, hata makanisani mwetu. Lakini siku ile yenyewe haikuwa na habari yoyote ya kutangazwa. Walikuwapo wanawake wawili waliochoka na watoto wawili wachanga, basi.

Au tarehe 4, ambayo huwa naikawilia. Mwaka 1906 alizaliwa Dietrich Bonhoeffer, yeye na dada yake pacha, katika mji wa Breslau uliokuwa wa Ujerumani wakati huo, na mwaka 1913 Rosa Parks akazaliwa Tuskegee, Alabama. Bonhoeffer, aliyekuwa mchungaji, alikataa kuliinamisha kanisa mbele ya Hitler, akanyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 39; Parks, aliyekuwa mshonaji, alikataa kuinuka kitini ndani ya basi mjini Montgomery ili mzungu akae, akakamatwa tarehe 1 Desemba 1955, akiwa na umri wa miaka 42. Kila nikiyasoma majina hayo mawili katika kisanduku kimoja nawaona kama ndugu wa tumbo moja, ingawa miaka saba na bahari nzima viliwatenganisha. Orodha za matukio ya siku kama ya leo huandikwa kinyumenyume: kwanza mtu anaishi, anasimama mahali alipopaswa kusimama, na baada ya hapo ndipo watu wanaporudi nyuma kuitafuta siku aliyozaliwa.

Hata kuhesabu kwenyewe si jambo jepesi. Katika kisanduku cha tarehe 22 nimeandika jina la George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1732. Hata hivyo, siku alipozaliwa kalenda ya kwao ilionyesha tarehe 11 Februari 1731, kwa kuwa Uingereza na makoloni yake walikuwa bado wanafuata hesabu ya zamani ya Julius Kaisari, na mwaka wao mpya ulianza tarehe 25 Machi. Papa Gregori XIII alikuwa ameirekebisha hesabu hiyo tangu mwaka 1582, na nchi zilizomfuata kwanza zililala tarehe 4 Oktoba zikaamka tarehe 15. Waingereza walikubali mwaka 1752, wakatoka tarehe 2 Septemba wakaingia moja kwa moja tarehe 14. Siku zilizorukwa hazikumpunguzia mtu hata pumzi moja, kwa sababu zilikuwa ni majina tu. Nadhani ndiyo maana Musa, katika Zaburi ya 90, haombi kujulishwa tarehe. Anaomba, “Basi, utujulishe kuhesabu siku zetu, Tujipatie moyo wa hekima,” na hesabu hiyo ni ya namna nyingine kabisa.

Jambo lingine, ambalo watu wengi hushangaa wakilisikia, ni kwamba Biblia inatusimulia sherehe za kuzaliwa kwa wafalme, na karamu zenyewe zinaishia vibaya. Katika Mwanzo 40 Farao anawafanyia karamu watumishi wake siku ya kuzaliwa kwake, na mkuu wa waokaji anatundikwa. Katika Marko 6 Herode anafanya karamu siku ya kuzaliwa kwake, na kichwa cha Yohana Mbatizaji kinaletwa katika sinia. Sisemi haya ili kumnyima mtoto keki yake. Nasema tu kwamba Wakristo wa kwanza walikuwa na sababu ya kuyatumia maneno “siku ya kuzaliwa” kwa namna yao wenyewe.

Namna hiyo inaonekana katika kisanduku cha tarehe 23, siku ya kumkumbuka Polikarpo, askofu wa Smirna, aliyehukumiwa kuchomwa moto katika karne ya 2. Liwali alipomtaka amlaani Kristo, mzee yule alijibu kwamba amemtumikia kwa miaka 86 na hajatendewa naye ubaya wowote, sasa awezaje kumtukana Mfalme wake aliyemwokoa? Kanisa la Smirna liliandika barua kulieleza kanisa lingine jinsi alivyokufa, na humo wanasema kwamba waliikusanya mifupa yake, na kwamba watakutana mahali hapo kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya ufiadini wake. Waliiita siku ya kuzaliwa, wakati majivu yalikuwa bado hayajasahaulika puani mwao! Kwa lugha hiyohiyo naisoma tarehe 16, ambapo Janani Luwum, askofu mkuu wa Uganda, aliuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Serikali ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari. Wale walioandika taarifa ile walidhani wamekwisha kuamua siku hiyo itakumbukwaje, lakini leo Uganda hupumzika kazi kila tarehe 16 Februari kwa heshima yake.

Nyingine naziandika na kupita: tarehe 11, Nelson Mandela kutoka gerezani mwaka 1990 baada ya miaka 27, tarehe 15, kuzaliwa kwa Galileo, mtaalamu wa nyota, mjini Pisa mwaka 1564, tarehe 18, kufa kwa Martin Luther mwaka 1546 mjini Eisleben, mji uleule aliozaliwa. Kuhusu Luther kuna jambo dogo ninalolipenda. Rafiki yake Melanchthon aliandika kwamba mama yake Luther, alipoulizwa, aliikumbuka vizuri siku na hata saa ya kumzaa mwanawe, ila mwaka ndio aliokuwa na shaka nao. Mama hakumbuki kama mwandishi wa historia anavyokumbuka.

Na hapo nafika tarehe 14, ambayo mwaka huu ilinichukua asubuhi nzima. Nimeandika humo jina la Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland, akatoroka, akawa mmoja wa wasemaji wakuu dhidi ya utumwa. Tarehe hiyo aliichagua mwenyewe, kwa sababu hakuijua siku yake. Alieleza kwamba watumwa wengi waliujua umri wao kidogo tu, kama farasi wanavyoujua wa kwao, na kwamba mtoto aliyethubutu kumuuliza bwana wake habari hizo alihesabiwa kuwa na utovu wa adabu. Mama yake, Harriet Bailey, alikodishwa shamba la mbali, na baada ya kazi ya mchana kutwa alitembea usiku maili 12, yaani karibu kilomita 19, ili alale kidogo kando ya mwanawe, kisha arudi kabla jua halijachomoza. Mara ya mwisho kumwona alimpa keki yenye umbo la moyo, ambayo ukingo wake ulikuwa na duara jeusi lililong'aa. Mtoto yule alikuwa na miaka kama saba mama yake alipofariki, na akiwa mtu mzima aliweza bado kuieleza keki ile mpaka ukingo wake, ilhali hakujua siku aliyotoka tumboni. Baada ya kifo chake mwenyewe, tarehe 20 Februari 1895, watafiti walikuta katika daftari la bwana wake wa kwanza kwamba alizaliwa Februari 1818. Mwezi na mwaka viliandikwa, kama mtu anavyoorodhesha mali yake, siku haikuandikwa. Niliposoma Zaburi 139 asubuhi ile, maneno “Chuoni mwako ziliandikwa zote pia”, yaani siku zetu zote katika kitabu cha Mungu, hayakunijia kama maneno mazuri tu ya kufariji. Nilivifikiria vitabu viwili, cha bwana na cha Bwana.

Nimeiacha mwisho tarehe 2, ambayo ndiyo ya juma hili. Ukihesabu siku 40 tangu Krismasi, na Krismasi yenyewe ikiwamo, unaifikia siku ambayo makanisa mengi hukumbuka Yesu kupelekwa hekaluni. Wazazi wake walitoa sadaka ya ndege wawili, ambayo Walawi 12 inairuhusu kwa mwanamke asiyemudu mwana-kondoo, kwa hiyo aliyewatazama aliwaona maskini wawili na mtoto wao. Simeoni alimtwaa mikononi, akasema, “Kwa kuwa macho yangu yameuona wokovu wako.” Huyu hakusoma siku kinyumenyume kama tunavyofanya sisi. Alikuwa amengoja, na Luka anamtaja Roho mara tatu katika aya tatu, kana kwamba anajibu mapema swali la mtu atakayeuliza mzee alijuaje. Ana, mjane wa miaka 84 asiyebanduka hekaluni, akafika saa ileile, akaanza kuwasimulia wengine. Simeoni hakuomba muda zaidi ili aone mtoto atakuwa nani. Aliomba ruhusa ya kuondoka kwa amani, wakati mtoto hajafanya lolote.

Kisha familia ikarudi Nazareti. Kati ya hapo na kuanza kwa huduma yake, Yesu akiwa na umri wa miaka ipatayo 30, Luka ametuandikia safari moja tu, ile ya Pasaka alipokuwa na miaka 12. Siku nyingine, zaidi ya 10,000, hazina hata mstari. Kisanduku changu cha tarehe 3 Februari nimekiacha wazi, na penseli inaning'inia kwa uzi kwenye msumari wa kalenda.