Hongo ya Bibi

Binti yangu anajiandaa kwa kipaimara. Juzi alikuwa ameketi barazani anachambua mchicha huku anakariri Mathayo 28. Akafika pale kwenye "Basi, enendeni", akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Baba, hii ni ya kila mtu au ya wachungaji?"

Nikamwambia ni ya kila mtu.

"Na wewe ulienda wapi?"

"Mpwapwa," nikajibu. Mama yake akacheka huko jikoni, maana hadithi hii ameisikia mpaka imemchosha. Basi nawasimulia ninyi.

Mnaonifahamu tangu zamani mnajua nilivyokuwa kidato cha tano: mwembamba, mkali, Biblia kwapani, na jibu la kila swali mfukoni. Umoja wetu wa wanafunzi ulikuwa unakwenda misheni kila likizo. Mwaka ule tukapangiwa vijiji vya upande wa Mpwapwa. Tulikwenda na lori, jenereta, vipaza sauti na kwaya iliyokauka sauti kabla hatujafika Gairo. Tulilala darasani juu ya mikeka. Asubuhi uji, maombi, halafu tunagawanywa wawili wawili kwa ajili ya nyumba kwa nyumba. Jioni mkutano wa hadhara. Mimi nilipangwa na huyu rafiki yangu ambaye siku hizi ni mchungaji, yule wa pikipiki.

Kiangazi kilikuwa kimekomaa. Mibuyu imesimama mitupu, vumbi jekundu limetufika magotini, na mashati yetu meupe ya kushuhudia yalikuwa yameshapoteza weupe wake.

Kwenye tembe moja pembeni ya kijiji tulimkuta bibi anajifunga kanga kiunoni, jembe begani, anataka kutoka. Tukamwamkia "Mbukwa, bibi", na hapo Kigogo chetu kikaishia. Akaitikia vizuri tu, akaendelea kujifunga. Mwenzangu hakutaka kupoteza nafasi.

"Bibi, sisi tumetumwa."

"Na nani?"

"Na Bwana Yesu."

"Mlete nini?"

"Habari njema, bibi."

Akatutazama kuanzia viatuni mpaka kwenye kola. Kisha akaonyesha kwa kidevu ndoo mbili zilizokuwa ukutani. "Haya. Chukueni na hizo."

Tukamfuata korongoni. Asiyewahi kuona korongo la Ugogo wakati wa kiangazi anaweza kudhani ni barabara pana ya mchanga. Maji yako chini, na kila nyumba ina shimo lake, limezungushiwa matawi ya miiba ng'ombe wasiingie. Shimo la bibi lilikuwa limefukiwa na mchanga wa ukingoni. Akanipa jembe. Nikavua viatu, nikaingia.

Nilidhani ni kazi ya dakika chache. Mchanga unaoutoa kwa jembe moja unarudi nusu yake. Unafukua mpaka kiunoni, mpaka mchanga unabadilika rangi, unakuwa wa baridi chini ya nyayo, halafu unaacha. Unasimama kando na kungoja. Maji hayabubujiki. Yanatoka pembeni kama jasho, taratibu, mpaka kinatokea kidimbwi cha kutosha kulowesha kiganja. Yale ya kwanza ni tope, unayamwaga. Ukichota kwa pupa unayavuruga, inabidi ungoje upya. Binti mdogo wa shimo la jirani aliona ninavyoipeleka kata, akaja akainyang'anya mkononi mwangu bila kusema neno, akailaza ubavu, akaiacha maji yaingie yenyewe. Kisha akanirudishia. Wanawake wa mashimo mengine walikuwa wanacheka waziwazi. Wavulana wa mjini, mashati meupe, wanachota maji! Mmoja akatunga wimbo hapo hapo, na jina la shule yetu likaingizwa humo.

Mwenzangu bado alikuwa juu ukingoni, Biblia mkononi. Aliona heri atumie muda wa kungoja. Akafungua Luka 4, akasoma kwa sauti ya mkutano: "Roho wa Bwana yu juu yangu, kwa maana amenitia mafuta kuwahubiri maskini habari njema..." Akasoma mpaka mwaka wa Bwana uliokubaliwa, akafunga kitabu, akavuta pumzi aanze kufafanua kwamba hapo Yesu alikuwa anatangaza kazi aliyotumwa.

Bibi akamkatiza. "Alipomaliza, watu wa kwao walimfanyaje?"

Mwenzangu akababaika kidogo. "Walikasirika, bibi. Wakampeleka ukingoni mwa kilima wamtupe chini."

"Ehe. Ninyi mmepewa jembe tu. Mshukuruni Mungu. Shika ndoo hiyo, inaegemea."

Nikaangua kicheko ndani ya shimo mpaka mchanga ukaporomoka, ikabidi nifukue tena.

Kumbe bibi alikuwa amebatizwa kabla mama zetu hawajavunja ungo. Hayo ni maneno yake. Akatuambia alimwona Askofu Yohana Omari kwa macho yake, yule Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Anglikana Tanganyika, aliyewekwa wakfu 1955. Alimkumbuka kwa viatu vyake, alisema, kwamba vilikuwa na vumbi kama vya watu wengine. Halafu akaanza kutuhadithia aliyosikia kwa babu yake, habari za misafara ya kutoka pwani. Mtu akitaka kupita Ugogo sharti alipe hongo kwa watemi: nguo, shanga, waya. Asipolipa hanywi. Wamisionari nao walilipa. Na hapa bibi alikuwa na historia sahihi, nimekuja kuisoma baadaye. Wale wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, waliokuja miaka ya 1870 walikuwa safarini kwenda Buganda kwa Kabaka Mutesa. Mpwapwa palikuwa kituo cha misafara, mahali pa mwisho pa kunywa vizuri na kununua chakula kabla ya kuvuka mbuga kavu ya Marenga Mkali. Kituo chao cha misheni wakakifungua hapo, njiani. Injili ilifika kwa akina bibi ikiwa inaelekea kwa wengine.

"Kwa hiyo ninyi," akasema, "hongo yenu ni hiyo mnayolipa sasa."

Tulijaza ndoo zote mbili. Jua lilikuwa limeshapinda. Alitupa ugali wa uwele na mlenda, tukala tumekaa chini kivulini kwa tembe, na mwenzangu akaomba kufunga kwa sala. Bibi akaomba yeye badala yake, kwa Kigogo, sala ndefu. Tuliambulia "Yesu" na neno moja lililofanana na "wajukuu".

Jioni ile kiongozi wetu alikuwa na daftari lake la safu. Kila wawili wanasimama, wanataja.

"Waliookoka?"

"Hakuna."

"Waliorudi kundini?"

"Hakuna."

"Sasa tangu asubuhi mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunachota maji," nikasema. Darasa zima likaangua kicheko. Kiongozi, mtu mwema, akafikiri kidogo, akaandika: *Anafuatiliwa.*

Njia nzima ya kurudi mwenzangu alinuna. Alisema tulipoteza siku. Hoja yake haikuwa mbaya, na hajaiacha mpaka leo: maji mtu yeyote angechota, hata asiyemjua Mungu, ila neno hupelekwa na aliyetumwa. Wale sabini wa Luka 10 waliambiwa wasimwamkie hata mtu njiani. Kuna haraka katika jambo hili, anasema, na kila dakika ya kata na ndoo kuna mtu mahali anakufa bila kusikia.

Mimi nilimwambia kwamba mtu yeyote angechota, lakini siku ile hakuna aliyechota. Nikamkumbusha pia Yohana 20, "kama Baba alivyonituma mimi, mimi nami nawapeleka ninyi." Yesu mwenyewe alitumwaje? Alikaa Nazareti mpaka umri wa kama miaka thelathini, na kazi ya seremala, kabla hajafungua kile kitabu cha Isaya. Mwenzangu akasema hiyo ni hoja ya mvivu. Huenda. Nimewaona watu wakijificha nyuma ya ndoo za maji miaka nenda miaka rudi bila kumtaja Yesu hata mara moja, na siku nyingine mmoja wao ni mimi. Nimewaona pia waliomtaja kwa vipaza sauti usiku kucha kwenye kijiji ambacho hawajui maji yake yanatoka wapi. Mizani yenyewe sijaipata. Binti yangu nimemwambia akariri aya mpaka mwisho, hasa ile ya "mimi nipo pamoja nanyi siku zote", na nadhani alitambua kwamba nimemkwepa.

Mwaka jana nilikuwa Dodoma kwa harusi, Jumapili nikaenda kusali kwa rafiki yangu. Akahubiri Luka 10, na katikati nikasikia korongo. Nikasikia jembe, ndoo, wanawake wakiimba. Nikakaa sawa. Katika mahubiri yake mchimbaji alikuwa yeye. Na bibi, baada ya kusomewa Luka 4, alipiga magoti palepale mchangani, akalia, akampokea Bwana. Usharika mzima ukasema amina.

Baada ya ibada nikamvizia nje ya ofisi. "Mchungaji, yule bibi alikuwa ameshabatizwa."

Akavua kola yake nyeupe, akaikunja, akaitia mfukoni. "Hapo huwa napasahau," akasema. "Ila sema kweli, hukupenda lile la jembe."