Jinsi nilivyodhibiti maradhi ya macho katika kundi langu la kondoo

Ugonjwa huu huanza na chozi. Jicho moja linalowa, manyoya ya shavuni yanashikana na kunasa vumbi, na kondoo anafumbafumba kila akielekea kwenye mwanga. Baadaye weupe wa jicho unageuka mwekundu, tongotongo zinakuja, kisha ukungu unatanda juu ya mboni. Kundi langu lilipopatwa, wachache walifika hatua ya kutoona kabisa, na kumwona kondoo akigonga ukuta wa zizi alimolala siku zote kunaumiza moyo.

Kabla ya kuita jambo hili maambukizi, nilifunua kope za kila mgonjwa. Mbegu ya nyasi iliyonasa ndani ya kope huleta chozi lilelile, na wanakondoo wachanga huweza kuzaliwa kope la chini likiwa limejikunja kwa ndani, nywele zikikwaruza jicho. Mambo hayo huwa ya mnyama mmoja mmoja. Tatizo langu lilikuwa likihama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, hasa waliokula kwenye hori moja vichwa vikigusana.

Daktari wa mifugo alinieleza kwamba kwa kondoo kisababishi cha kawaida ni bakteria aitwaye maikoplasma, na wakati mwingine bakteria mwingine, klamidia. Maelezo hayo yalinisaidia kuchagua dawa. Penisilini hufanya kazi kwa kuharibu ukuta wa seli ya bakteria, na maikoplasma hana ukuta huo, kwa hiyo haimdhuru. Tulitumia oksitetrasaiklini ya kudumu muda mrefu, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, sindano ya msuli, na tarehe ya kila sindano niliiandika ili nyama na maziwa yasitumike kabla ya muda ulioandikwa kwenye chupa kwisha. Dawa ya macho yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, hatukuigusa: kukiwa na kidonda kwenye kioo cha jicho (tabaka angavu la mbele), steroidi huzuia kisipone na jicho linaweza kutoboka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wafugaji wengi. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini ni dawa nzuri, lakini yanahitaji kupakwa mara kadhaa kwa siku. Ukikusanya kundi zima kila siku ili upake, unawabana kondoo wazima na wagonjwa uso kwa uso ndani ya vumbi, na mikono yako ileile inatoka jicho hadi jicho. Unatibu huku unaeneza. Kwa hiyo mafuta niliyaweka kwa wagonjwa waliotengwa tu, na kwa kila mmoja nilivaa glavu mpya. Glavu zilinilinda mimi pia, kwa sababu klamidia ya kondoo inaweza kumdhuru binadamu.

Waliobaki malishoni niliwapunguzia msongamano. Hori nilizitenganisha na kuziongeza, nyasi ndefu zinazochoma macho tukaziepuka, na samadi ikaondolewa karibu na zizi kwa sababu nzi hutua kwenye chozi la mmoja na kuruka hadi kwa mwenzake.

Wagonjwa walikaa kwenye banda lenye kivuli, kwani jua kali huwatesa. Chakula na maji sikuvihamisha hata hatua moja, maana kondoo asiyeona hukariri njia. Nilisema nao kabla ya kuwagusa ili wasishtuke. Majike wenye mimba kubwa ndio walionikosesha usingizi, hasa waliobeba mapacha: jike wa namna hiyo asipopata chakula cha kutosha, mwili wake unayeyusha mafuta yake kwa kasi hadi damu inachafuka, na anaweza kufa huku jicho likiwa linapona. Hao niliwapelekea chakula mdomoni na kuhakikisha kila mmoja ameshiba kabla sijaondoka.

Kuna hatua moja ya kupona inayotisha. Mishipa midogo ya damu huota kutoka pembeni mwa jicho kuelekea katikati, na jicho linaonekana jekundu kuliko siku ya kwanza. Mara nyingi huo ni mwili unaojiponya, na mishipa hupotea baadaye. Wengi huona tena ndani ya wiki 2 hadi 3, ingawa jicho lenye kidonda kirefu huchelewa zaidi.

Wangu wamepona, baadhi wakiwa na kovu jeupe. Ila aliyepona anaweza kubeba maikoplasma kwa miezi, na kinga anayoipata si ya kudumu. Ndiyo maana sasa sikopeshi dume kwa jirani, na kondoo mgeni anakaa peke yake wiki 3 au zaidi, nikimtazama macho kila asubuhi kabla ya jua kuwa kali.