Kaveera kwenye shina la kahawa

Mwezi uliopita Mama aling'oa mkahawa mmoja uliodumaa shambani kwetu, Bombo, Uganda. Mizizi ilitoka imejiviringisha ndani ya kaveera, yaani mfuko laini wa plastiki, nyeusi ya kitalu. Aliyeupanda miaka ile hakuichana kaveera hiyo. Chini ilikuwa bado nzima. Ukingo wa juu, uliochomwa na jua, ulivunjikavunjika vidoleni mwangu kama jani kavu.

"Na hiyo iliyoisha imekwenda wapi, mwanangu?" Mama akauliza.

Haijaisha, Mama. Imo humo humo udongoni.

Kwa kuwa kazi yangu ni maabara ya udongo, niliamua kuitafuta. Nilichota udongo kwa mwiko wa chuma nikauweka kwenye mtungi wa kioo, maana mfuko wa plastiki ungeongeza vipande vyake. Nikaukausha kwa nyuzi joto 40 tu, nikauchekecha: kinachopita tundu la milimita 5 ndicho tunachokiita maikroplastiki. Kisha nikaukoroga kwenye maji yaliyoshiba chumvi ya kawaida. Mchanga huzama, vipande vya kaveera huelea. Mabaki ya majani na mizizi nikayaunguza kwa hidrojeni peroksaidi, polepole, kwani hutoa povu na joto kali.

Kazi ngumu ikaanza kwenye hadubini. Mama humwaga majivu ya jikoni shambani, na chembe ya mkaa inafanana mno na chembe ya kaveera nyeusi. Peroksaidi haiuli mkaa. Nilipasha sindano moto nikaigusa chembe moja moja: plastiki hujikunja na kuyeyuka, mkaa hutulia vile vile. Kwa uhakika zaidi inahitajika mashine inayosoma aina ya plastiki kwa mwanga.

Kando niliweka chombo kisicho na udongo kabisa, nikakipitisha hatua zote zile. Humo nilikuta nyuzi tatu za buluu, za sweta langu. Tangu hapo navaa koti la pamba, na nyuzi za buluu sizihesabu kuwa za shamba.

Vipande vyeusi vilikuwemo, na vilijikunja. Lakini upande wa barabara, zinakotupwa chupa za soda, bado sijaupima. Plastiki ya chupa ni nzito, gramu 1.38 kwa sentimita moja ya ujazo, na maji ya chumvi hayafiki hata 1.25. Itazama pamoja na mchanga, nami nitaandika sifuri isiyo ya kweli. Pale nitahitaji zinki kloraidi, chumvi inayofanya maji yawe mazito kuliko plastiki ya chupa, ambayo ni ghali na ina sumu, kwa hiyo kwanza natafuta namna ya kuichuja niitumie tena.