Kamera mbili begani
Wanaoniona mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, huniuliza kwa nini mtu anayesifia mkanda wa filamu kiasi hiki anabeba pia kamera ya dijitali. Kamera yangu ya zamani, ile ya mkanda, haina kioo ndani. Hulengwa, yaani picha hufanywa iwe kali, kwa kulinganisha taswira mbili ndogo kwenye dirisha la kutazamia hadi ziungane, na kwa kuwa dirisha hilo halipitii kwenye lenzi, naweza kupiga picha kifuniko cha lenzi kikiwa bado kipo mahali pake. (Yamenikuta, tena zaidi ya mara moja.) Ni nyepesi, haina kelele, na wavuvi huisahau upesi. Lakini hailengi kitu kilicho chini ya mita 1, na lenzi ya kuvuta vitu vya mbali inayozidi milimita 135 haiifai. Kwa hiyo dagaa walioanikwa, wenye macho madogo kama punje za ulezi, au sokwe wa Gombe aliye juu mtini, ni kazi ya ile ya dijitali, yenye kioo ndani, inayonionyesha kile kile ambacho lenzi inakiona. Tena mkanda una picha 36 tu, nami huutuma Dar es Salaam kusafishwa na kungoja majuma kadhaa, jambo ambalo mwenye harusi pale mtaani Mwanga hawezi kulivumilia. Jioni, mitumbwi ya karabai inapoondoka, kwenye dijitali naongeza unyeti wa mwanga kwa kitufe, ilhali mkanda wenye unyeti wa 400 hubaki 400 hadi uishe.